Kizimba cha Waya Mnene

Panya wote wa kizimba cha kushoto walikuwa wamekufa, damu puani. Mtafiti aliwakuta saa mbili asubuhi, akakaa sakafuni, akashindwa hata kulia.

"Mauaji ya panya!" askari aliyefuatana na Inspekta alicheka mlangoni. "Tumkamate paka, afande, twende zetu."

"Ukicheka tena utarudi kituoni kwa miguu," Inspekta alimjibu. Keshokutwa mahakama ingesikiliza kesi ya watu wanaoishi ukuta kwa ukuta na transfoma, wanaoomba ihamishwe. Ushahidi wao wote ulikuwa humu maabarani, kwenye vizimba viwili vilivyozungushiwa waya.

"Nieleze kama unamweleza mama yako," alimwambia mtafiti.

"Kizimba kimoja kina sumaku ya umeme, kama ile ya transfoma. Kingine ni cha kulinganishia tu. Kinanguruma na kupata joto vilevile, ila sumaku hakina. Tunaangalia kama sumaku inachakaza mwili kwa ndani, kama kutu inavyokula chuma. Kwa nje huoni kitu."

"Kipi kina sumaku?"

"Simwambii mtu, afande. Ndiyo masharti."

Kando ya dirisha alisimama mlisha panya. Alikuwa mjomba wa mtafiti, aliyemlea na kumsomesha. Kitinda mimba wake alikuwa amelazwa hospitali, damu inapungua na madaktari hawajui kwa nini. Nyumbani, kitanda cha mtoto huyo kiliegemea ukuta wa transfoma.

"Si mmeona wenyewe?" Mjomba alisema, sauti ikikwaruza. "Sumaku imewaua. Mwandikie hakimu, mwanangu, yaishe."

Mhandisi wa shirika la umeme, wenye transfoma, aliletwa saa nne, tai imepinda. Jana mchana alikuwa amegombana na mtafiti chumbani humo.

"Ulisema utafiti huu utakufa," Inspekta alimkumbusha.

"Kwa hasira! Nilimaanisha mahakamani." Alivitupia macho vizimba. "Tena hawa niwaue wa nini? Hiki cha waya mnene ndicho cha kuzugia. Waya umekunjwa mara mbili, umeme unakwenda na kurudi, sumaku inajifuta."

Inspekta alichomoa pini kwenye kitambaa chake cha kichwani, akaining'iniza kwa uzi. Kushoto, kwenye waya mnene, ilitulia tuli. Kulia ilitetemeka.

"Basi ni yeye!" askari aliruka. "Kaua wasio na sumaku, ili wenye sumaku waonekane wana nafuu!"

Mhandisi alilowa jasho. Ilikuwa hoja nzuri, na Inspekta hakuipenda hata kidogo, maana alikuwa ameshaziona chupa za maji. Ya kulia ilibaki nusu, ina utando. Ya kushoto iling'aa, imejaa pomoni.

"Jana jioni walikuwaje?" aliuliza.

"Wazima," mtafiti alijibu. "Nilifunga mwenyewe. Mhandisi alikuwa ameshaondoka zamani."

"Maiti hawanywi maji. Kuna mtu kaiosha chupa hii leo alfajiri kufuta sumu, akaijaza upya. Nani ana ufunguo wa kuingia alfajiri?"

Mtafiti aligeuka taratibu kumtazama mjomba wake.

"Mzee," Inspekta alisema kwa upole, "asubuhi ulisema sumaku imewaua. Ulijuaje kuwa kushoto ndiko kwenye sumaku?"

"Si waya... si ndiko kwenye waya mwingi?" Macho yalimtoka. Alipoelewa kwamba amejifichua, alishika meza. "Nawalisha kila siku! Wananenepa, wanarukaruka, wa huku na wa huku, sawasawa! Nikajua hakimu atatucheka. Mtoto wangu anaisha hivihivi naona, na wewe kazi yako ni subiri, subiri!"

"Mjomba." Mtafiti sasa alilia. "Vipimo vya damu vilitoka wiki iliyopita. Wa kulia wanachakaa ndani. Wa kushoto walikuwa wazima kabisa. Tulikuwa tunashinda."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungekuwa si ushahidi tena. Na sasa nani ataamini hata hivyo vipimo, ikiwa mjomba wangu ndiye aliyetia sumu?"

Askari alitoa pingu bila kucheka. Simu ya Mjomba ikalia mfukoni. Inspekta alimruhusu kupokea, naye akaiweka mezani, sauti wazi.

"Baba watoto," mkewe alisema kwa furaha, "wamemruhusu! Kesho anarudi nyumbani."

Mjomba alifumba macho. "Mama watoto, sogeza kitanda chake. Kitoe pale ukutani."

"Nikipeleke wapi, mume wangu? Chumba chenyewe si ndicho hicho kimoja?"