Furu Aliyesingiziwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda skuli, Mwanarusi wa Likoni aliwalisha samaki wake wawili katika sanduku la kioo alilotengenezewa na babake. Walikuwa furu, samaki wadogo walioletwa na mjomba wake, mfanyakazi wa reli, kutoka Kisumu. Dume alikuwa wa buluu mwenye mkia mwekundu. Jike alikuwa wa kijivu tu. Ilikuwa mwaka mmoja kabla ya Uhuru.

Siku moja jike alitaga, akayaokota mayai yake na kuyaweka kinywani. Mashavu yakamvimba, akaacha kula. Mjomba alikuwa amemweleza Mwanarusi kuwa furu hulea wanawe kinywani.

Kisha bibi yake wa Mtongwe akaugua, ikabidi aende na mamake kumuuguza. Alimwachia samaki rafiki yake, Dhahabu.

“Shoga, mlishe dume. Jike usimguse, akishtuka atawatema watoto.”

“Wallahi simgusi.”

Aliporudi, mashavu ya jike yalikuwa yamenywea. Hakukuwa na mtoto hata mmoja.

“Amewala wanawe,” Dhahabu alisema. “Nimemwona.”

Mwanarusi alilia sana. Dhahabu alimkumbatia, akamfuta machozi.

Tangu hapo Mwanarusi alimchukia jike yule. Mwishowe alimtia koponi, akaenda kumtupia bata wa jirani. Njiani alikutana na Mwanatatu, mdogo wake Dhahabu.

“Leo utamtoa watoto mdomoni wewe?” Mwanatatu aliuliza kwa furaha. “Dada alimbana tukawaona! Halafu dume akawameza wote.”

Mwanarusi alikimbia nyumbani, akamrudisha jike majini, kisha akamwita Dhahabu.

“Niliwasimulia wenzetu, wakaniita mwongo,” Dhahabu alisema akilia. “Walisema hakuna samaki wa namna hiyo. Nikataka waone.”

“Na mimi je? Ulinifuta machozi na huku unajua!”

Dhahabu aliinama, akaondoka.

Baada ya majuma kadhaa jike alibeba tena mayai, na safari hii, dume akiwa ametengwa, watoto walitoka salama, wakaogelea kando ya mama yao. Dhahabu alikuja, akasimama mlangoni, akamwamkia mamake Mwanarusi.

“Shikamoo mama. Mwanarusi, tumepatana?”

“Bado,” Mwanarusi alijibu. “Lakini ingia uwaone.”

Mamake Mwanarusi aliwatazama wote wawili. “Mwanangu, nawe ulitaka kumuua asiye na kosa bila kuuliza. Na wewe Dhahabu, ungesema kweli siku ile, mwenzako angelilia samaki peke yao. Sasa amekulilia na wewe. Sema kweli kila siku, hata ikikuaibisha, mpaka moyo wake ukuamini tena.”