Mashine Rahisi ya Igowole

Unakagua kona ya hicho kiti kama mtu anayenunua ng'ombe, fundi. Kagua tu, hutaona kasoro. Hiyo sauti ya nyuma ya nyumba usiijali, ni kazi inaendelea.

Kila fundi anayefika hapa Mwanjelwa ananiuliza swali hilohilo. Mashine gani inakunja bomba namna hii, na inapatikana wapi kwa bei ya mtu wa kawaida? Wengine huwa nawafukuza. Wewe umeniamkia vizuri, na jua ndilo hilo linazama, basi kaa hapo kwenye benchi nikueleze. Ukimaliza kusikia utaamua mwenyewe kama bado unaitaka.

Ilikuwa mwaka ule reli ya kwenda Zambia ilipoanza kubeba abiria. Mume wangu Bartholomeo alikuwa na kiwanda chake kidogo hapahapa uani, vitanda na viti vya chuma. Mashine ya kukunjia hatukuwa nayo. Unaijua kazi hiyo. Unajaza bomba mchanga mkavu, unaziba huku na huku kwa vigingi, unalipasha kwenye mkaa mpaka liwe jekundu, halafu unalivuta kulizungusha kwenye ekseli ya lori iliyosimikwa ardhini. Ukizembea kidogo tu, kona inabonyea, na bomba zima umelitupa.

Aliyeiweza kazi hiyo ni Kasian, mdogo wangu wa tumbo moja. Weee, mikono ile! Mabomba membamba aliyakunja kwa goti, bila moto. Na mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole vinne, kile cha mwisho kilikatwa na panga tungali watoto kwetu Kilolo. Nilikuwa namtania: "Ungekuwa navyo vyote ungekunja reli ya Wachina." Anacheka mpaka anakohoa.

Siku moja Kasian akasema anarudi Kilolo. Anataka kuoa, na afungue banda lake mwenyewe. Bartholomeo alinuna siku nzima. Jioni akacheka, akampa nyundo ya zawadi.

Haukupita mwezi, habari ikaja kwamba Kasian amefariki. Hakuumwa. Nilifika Kilolo nalia njia nzima, nikamkuta Bartholomeo ametangulia, eti alikuwa Iringa kutafuta mabomba. Jeneza limeshapigwa misumari.

"Usimwangalie, Mama Matilda," akaniambia. "Ameharibika."

Kona moja ya jeneza ilikuwa inadondosha maji. Maji safi. Na harufu yake haikuwa ya maiti, fundi. Ilikuwa harufu mbichi, ya majani, kama shambani mtu akikata mgomba. Niliisikia harufu ile kwa pua zangu hizi. Lakini nilikuwa nalia, na aliyelia na mimi ni mume wangu. Ningemuuliza nini?

Tukabaki na oda ya vitanda vya shule ya bweni ya misheni na hakuna wa kukunja. Tukaanza kutafuta mashine. Dukani mjini ilikuwepo mpya, ya kuagiza, na bei yake ilikuwa ya makampuni, siyo ya watu wa uani kama sisi. Uyole kulikuwa na mtu anauza kuukuu, ya kambi ya reli. Gurudumu lake lilikuwa na ufa, lakini ufa unachomeleka. Nikamwambia Bartholomeo tuchukue hiyo. Mimi siyo mjinga wa chuma.

"Kuna mtu Igowole," akasema. "Rahisi kuliko hiyo."

Akatoa kipande cha bomba ndani ya koti. Nikakipapasa. Kona safi, ndani haina hata mkunjo mmoja. Ila kulikuwa na vishimo vidogo juu yake, vimepangana.

"Hivi ni nini?"

"Meno ya mashine."

"Manne tu?"

"Manne," akasema, akakirudisha kotini.

Tulipanda basi mpaka Mafinga, kisha lori la majani ya chai mpaka Igowole. Tulifika giza linaanza kuingia na ukungu umeshuka mpaka magotini. Mbwa akatoka mbio. Akaningurumia mimi. Alipofika kwa Bartholomeo akatikisa mkia, akamlamba mkono.

Nikasema moyoni, hee! Mbwa huyu anamjulia wapi mume wangu?

Mwenye nyumba aliitwa Sedekia. Mtu mpole, sweta limefungwa vifungo vyote, anaongea taratibu kama yuko kanisani. "Kamwene, mama. Poleni na baridi." Nikanusa hewa. Hakuna mkaa, hakuna grisi. Kulikuwa na harufu ya pumba zilizolowekwa... na ile nyingine. Ya mgomba.

"Mashine yako haili mafuta?" nikauliza.

"Inakula pumba, mama."

Nikacheka. Wao hawakucheka.

Tukazunguka nyuma kwenye banda. Ndani kulikuwa na sauti. Kwiiii... tk. Kimya. Kwiiii... tk. Na katikati ya sauti ile kulikuwa na kitu kingine, kidogo sana.

Pumzi.

Sedekia akasukuma mlango. Alikuwepo mtu amepiga goti, ametugeuzia mgongo, amevaa gunia. Analaza bomba juu ya goti, analikunja, analiweka chini, anachukua lingine. Mkono wa kulia ukapita kwenye mwanga wa mlangoni.

Vidole vinne.

"Kasian," nikanong'ona. "Kasian, ni mimi dada yako."

Akageuka. Macho yake yakanipitia kama mtu anavyoangalia nguzo. Akafungua kinywa, na ulimi haukuwepo, kilikuwepo kipande tu. Akatoa sauti kama ya ndama. Kisha akachukua bomba lingine.

 Nikamgeukia mume wangu anishike, tupige kelele, tufanye lolote. Bartholomeo alikuwa ameinama. Ameokota bomba aliloliweka Kasian, anapitisha dole gumba kwenye kona.

"Ona, Mama Matilda," akasema. "Haina hata mkunjo."

Akatoka kwenda kumwita dereva wa lori aje na turubai. Nikabaki na Sedekia, nikamkamata sweta. Nirudishie mdogo wangu, nikamwambia. Nirudishie, mshenzi wewe!

"Mumeo ndiye aliyeleta jina, mama," akaninong'oneza bila hasira. "La ubatizo, la kipaimara, na la mama aliyemzaa. Lazima litoke kwa mtu wa nyumba moja naye, vinginevyo halishiki. Ndiyo maana bei yangu ni ndogo."

"Arudi kuwa mtu."

"Harudi. Anaweza kulala tu. Siku utakayoleta jina lingine, huyu atalala na huyo atashika kazi."

Tukarudi naye hapa Mbeya chini ya turubai, katikati ya magunia ya mahindi. Bartholomeo akamweka bandani hapo nyuma. Vitanda vya misheni vikaisha kabla ya wakati. Mume wangu akanunua redio. Akawa anaimba anaponyoa ndevu, fundi, anaimba! Mimi nilikuwa naingia bandani na ugali na maharage, Kasian anausukuma pembeni anatafuta pumba. Nilimwosha miguu. Siku moja chozi likamtoka jicho la kushoto, likafika kidevuni, na mikono haikusimama hata kidogo. Nilimchukia Bartholomeo siku ile kuliko ninavyoweza kukueleza.

Halafu jioni moja tunakula, sisi wawili na binti yetu Matilda. Bartholomeo akasema mashine moja haitoshi, kazi zimekuwa nyingi. Akachambua harage kwenye sahani, hakuniangalia.

"Hivi, mke wangu, kipaimara ulipewa jina gani?"

Miaka yote ya ndoa hajawahi kuniuliza. Na mimi mikono yangu ni ileile ya kwetu, mipana.

"Agnesi," nikamwambia. Ulikuwa uongo.

Asubuhi nikamuaga kwamba nakwenda Kilolo kupalilia kaburi. Nikashukia Mafinga. Jina la kipaimara la mume wangu nililijua vizuri. Tulipakwa mafuta siku moja, parokia moja, na ndipo tulipojuana. La marehemu mama yake nalo nilikuwa naliombea kila Jumapili. Nilipofika kwa Sedekia mbwa akatoka mbio. Akatikisa mkia, akanilamba mkono.

Niliporudi, Bartholomeo alianguka hapo unapoweka miguu, anachomelea. Watu walitaka kumwangalia. Nikawaambia ameharibika. Jeneza lilidondosha maji njia nzima mpaka makaburini, na wanawake wakasema ni mvua ya juzi. Kasian jioni ileile aliweka bomba chini, akajilaza kwenye vumbi la chuma kama mtoto. Hakuamka. Nilimpeleka kwetu kwa siri, nikamzika juu ya ule mgomba waliouzika badala yake. Basi, mdogo wangu kalala. Nilitaka hilo tu, na nimelipata, na sijutii.

Pitisha kidole hapo kwenye kona. Hesabu vishimo. Vitano, siyo? Huyo vidole vyake vimekamilika. Pumba nampa mara moja kwa siku, na nikikasirika simpi. Redio yake naiweka mlangoni mwa banda, anaisikia, wala hawezi kuizima.

Ila ngoja nikueleze jambo, kwa kuwa wewe ni mgeni na utaondoka.

Binti yangu Matilda amerudi likizo kutoka shule. Ni mkubwa sasa, anajua kufungua komeo. Juzi nilikuta mlango wa banda uko wazi, na sahani ya ugali chini. Tangu hapo hali chakula. Alimpenda sana baba yake.

Jana jioni alikuja akakaa hapo ulipokaa. Akanishika mkono, akaugeuza, akaupapasa kiganja taratibu.

"Mama," akasema, "hivi kipaimara ulipewa jina gani?"