Msukumaji wa Raven Rock

Siku hiyo mlima ulikuwa mwepesi, na Farquhar Matheson, dereva wa garimoshi, hakuupenda wepesi ule. Injini hizi mpya, zilizoundwa makusudi kwa mpando wa Raven Rock, ziliteleza hata kwa umande. Leo mvua inanyesha, mabehewa ni tisa, na garimoshi linapanda kama limebebwa.

"Nani yuko nyuma?" Eachann, mchochea makaa wake, aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna mtu. Chochea moto, acha umbea."

Eachann alichungulia. Nyuma ya behewa la mwisho mvuke ulifuka kwenye ukungu, na upepo ukaleta harufu ya tumbaku kali na sufu iliyolowa. Ilikuwa harufu ya Ruairidh, dereva wa injini ya kusukumia magarimoshi kwa nyuma mpaka kileleni, aliyezikwa mwezi wa pili.

"Ni Ruairidh," alinong'ona. "Tukifika kileleni mpigie filimbi zake mbili, ndugu yangu, atuache."

Kila dereva alimshukuru msukumaji hivyo. Farquhar, mpumbavu mwenye pua juu, hakuwahi kufanya hivyo miaka kumi na minne.

"Kusukuma matako ya behewa nayo ni kazi ya dereva? Sikumshukuru akiwa hai, nije nimshukuru maiti?"

Wakavuka kilele. Farquhar akafunga mvuke, akakaza breki, lakini garimoshi likazidi kukimbia, magurudumu yakitema cheche, abiria wakipiga mayowe, na kule chini kwenye stesheni ya Garve, kwenye reli hiyohiyo moja, garimoshi lililotoka Strome likiwa limesimama limejaa watu, na kutoka nyuma ile pumzi nzito ikija polepole, bila haraka yoyote, ikisukuma.

Eachann alivuta filimbi mara mbili. Wapi!

"Anakutaka wewe! Piga, mshenzi wewe, kuna watoto humo!"

Farquhar akavuta mara mbili, makamasi yakimtoka. Pumzi ile ikakatika. Wakasimama hatua sita tu kutoka kwenye taa za lile garimoshi jingine.

Eachann akatema mate kwenye makaa. "Filimbi mbili tu, Farquhar. Ndizo zilizokushinda?"

Nyumbani, mkewe Seonag alipomvua shati aliona mgongoni viganja viwili vyeusi vya makaa. Alisugua kwa sabuni mpaka ngozi ikachubuka, havikutoka. Na tangu siku hiyo, lile jitu lenye majivuno haliwezi kushuka hata ngazi tatu za kanisa bila kushikwa mkono na mkewe, maana kila likifika ukingoni linasukumwa.