Mabegi Kwenye Buti, Vidole Chini ya Injini

Mama mkwe wangu alifungua buti la gari, akakuta mabegi matatu ya nguo. Langu moja, ya mwanangu mawili.

Akayatazama. Akanitazama mimi. Akalifunga buti taratibu kabisa.

Halafu akatoa simu, akampigia mwanae. Yaani mume wangu!

"Haloo, mwanangu... sikiliza. Leo kuna jambo hapa nyumbani."

Akaingia ndani na simu yake sikioni, akafunga mlango.

Na mimi jamani, nisingeweza hata kumkimbilia nimpokonye ile simu. Vidole vyangu viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimebanwa chini ya injini!

Ngojeni niwaeleze vizuri, maana najua mshaanza kuulizana huyu mwanamke alikuwa anatafuta nini kwenye injini.

Mume wangu hanipigi. Naanza na hilo kwa sababu kila niliyemweleza aliniuliza hilo kwanza. Hapigi, hanywi, hatukani. Yeye ana ratiba.

Ameibandika kwenye mlango wa jokofu. Asubuhi mtoto anampeleka shule yeye mwenyewe. Saa saba kamili mchana anarudi kula. Sokoni ni Jumamosi, na ni pamoja naye. Kwenda kumwona dada yangu, "tutaangalia."

Hiyo tutaangalia ilikuwa na miaka mitatu!

Geti lina kufuli, na ufunguo anamwachia mama yake. Nikiuliza kwa nini, ananijibu neno moja, "Usalama."

Basi moyoni nikampa mama mkwe jina, Askari Magereza. Kutwa nzima yuko barazani kwenye kiti cha plastiki, miguu imevimba, macho getini. Tulikuwa tunaongea mambo ya chumvi na sabuni tu, basi.

Gari ni langu. Nililinunua kabla ya ndoa, nilipokuwa nauza spea kaunta. Lakini mauntingi zake, zile raba zinazoishika injini isicheze, zilikuwa zimekwisha kabisa. Ukiingiza gia, injini inaruka na kugonga bodi mpaka unaona aibu mbele za watu.

"Nitengenezee basi," nilimwambia.

"Kwani unaenda wapi?"

Siku ile ndiyo nilielewa kwamba gari lile halikuharibika, limeachwa liharibike. Nililia bafuni bomba likiwa wazi ili nisisikike.

Halafu nikaacha kulia, nikapanga.

Rafiki yangu tuliyeuza naye kaunta alinirushia mauntingi mbili mpya juu ya ukuta, amezifunga kwenye taulo. Mabegi nilipaki usiku kidogo kidogo. Mpango ulikuwa mwepesi. Jumanne asubuhi nabadilisha, namwambia Askari anifungulie geti ili nikalijaribu gari mtaani, napita shuleni kwa mwanangu, mimi huyooo kwa dada. Kilomita mia tatu.

Sasa nyie mnaojua kazi hii mtanicheka. Mimi spea nazijua kwa namba, kwa boksi, hata kwa harufu. Mafundi wamenisimulia kaunta kila kitu. Ila kushika spana mwenyewe? Ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Nikaweka jeki chini ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kipande cha ubao katikati, nikapandisha mpaka injini ikakaa juu ya jeki. Hapo nikafanya kosa la muuza duka. Kaunta tulizoeshwa kwamba kitu ukishakitumia kinarudi mahali pake. Basi fimbo ya jeki nikaichomoa, nikairudisha kwenye buti, nikafunga. Safi kabisa, mama wa utaratibu!

Nikafungua bolti. Mauntingi ya zamani ikagoma kutoka. Badala ya kuichokonoa na bisibisi, nikaingiza vidole niivute.

Jeki lilikuwa linavuja oili na kushuka pole pole. Sikugundua.

Injini ikashuka.

Jamani... sijawahi kusikia maumivu ya namna ile, na nimezaa! Nilipiga ukelele mmoja, nikaziba mdomo kwa mkono wa kushoto. Nikavuta, wapi. Simu yangu iko kwenye dashibodi. Jeki liko chini, mguu unalifikia, lakini bila fimbo utafanya nini?

Saa ya mkononi inasoma tano na dakika ishirini.

Nikasikia kiti cha plastiki kikiburutwa. Askari akaja, anachechemea.

"Mkwe, una nini?"

"Nimebanwa, Mama."

Akainama, akaona. "Yesu na Maria! Nifanye nini?"

"Kuna fimbo ya jeki..."

Nikayakumbuka mabegi. Jasho likanitoka upya.

"Iko wapi hiyo fimbo? Sema, mwanangu!"

Fikiria ungekuwa wewe. Ukisema, anafungua buti na kila kitu kinajulikana. Usiposema, saa saba mwenye nyumba anakukuta hapo hapo, umeinama, na buti atalifungua yeye mwenyewe.

"Kwenye buti," nikasema.

Na kilichofuata mshakijua. Akaona mabegi, akapiga simu, akajifungia ndani.

Niliongea peke yangu pale kama mwehu. Nilimlaani yule mama. Nikamwambia Mungu kama kweli unaniona, basi kata hivi vidole niende navyo pungufu! Nikamwaza mwanangu darasani, hajui kwamba leo angelala kwa shangazi yake, eti, kwa mama yake mkubwa... ona, hata akili ilikuwa imevurugika. Nilijua kabisa kwamba nikikamatwa leo, kesho gari litauzwa na makufuli yatakuwa mawili.

Saa sita kasoro robo, mlango ukafunguka.

Akatoka. Akaenda kwenye buti, akarudi na fimbo. Akasimama nayo mbele yangu bila kuishusha.

"Unaenda wapi?"

Nilikuwa nimechoka kudanganya. "Kwa dada. Sirudi, Mama."

"Na mtoto?"

"Nampitia shule."

Akakohoa kidogo. "Haya, nielekeze."

Sikuamini masikio yangu. "Ubavuni mwa jeki kuna skrubu. Izungushe kulia mpaka ikaze. Ukiizungusha kushoto injini yote inashuka, na vidole vyangu ndiyo basi tena!"

"Kulia kwangu au kulia kwako?"

"Mama, kulia ni kulia! Mkono unaolia chakula!"

"Mimi natumia kushoto kula!"

Wallahi nilicheka huku machozi yanatoka. "Basi ule mwingine, Mama. Ule mwingine!"

Akapiga magoti na ile miguu yake iliyovimba, nikamsikia anavyougulia. Akakaza. Akachomeka fimbo, akapampu. Mara moja. Mara mbili. Mara ya tano injini ikapanda, mkono ukachomoka.

Vidole vilikuwa vyeusi kama zabibu kavu. Nikakaa chini, nikasubiri hukumu yangu.

"Amesemaje?" nikauliza. "Yuko njiani?"

"Nani?"

"Mwanao. Si umempigia?"

"Nimempigia." Akajifuta mikono kwenye gauni. "Nimemwambia kuna jambo hapa nyumbani, dawa yangu ya miguu imeisha, na ya duka la karibu inaniumiza tumbo. Ile nzuri iko ng'ambo ya mji. Hatafika hapa kabla ya saa tisa."

Nikabaki nimeachama tu.

"Usinitumbulie macho. Hiyo raba mpya iko wapi? Tufunge."

Nyie, tulifunga! Yeye kwenye jeki, mimi na mkono mmoja na nusu. Nikisema pandisha anapandisha, nikisema kidogo tu anapitiliza, namfokea, ananifokea. Bolti ya mwisho ilikaza saa saba na robo, saa ambayo kwa ratiba nilipaswa kuwa nanawisha mtu mikono.

Nikawasha gari. Nikaingiza gia. Injini ikatulia tuli, haikugonga popote.

"Mama, naomba ufunguo wa geti," nikasema. "Ukiulizwa, sema nilikupokonya."

Aliingia ndani. Nikajua sasa kabadilisha mawazo.

Akarudi amevaa viatu. Miaka mitatu sijawahi kumwona yule mama na viatu! Mkononi ana mfuko mmoja wa nailoni, umefungwa fundo kavu, fundo la siku nyingi.

"Sogeza mabegi yako. Langu halina pa kukaa."

"Mama... unaenda wapi?"

"Kwangu! Alinichukua akasema nakuja kupumzika wiki mbili. Nyumba yangu ina mlango wangu na majirani zangu, sijawaona mwaka wa nne huu."

"Lakini ufunguo si unakaa nao wewe?"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyeuliza swali la kijinga.

"Ufunguo ninao. Nitoke niende wapi na miguu hii? Unafikiri kutwa nzima pale barazani nilikuwa nakulinda? Nilikuwa nakusubiri, mkwe. Wewe ndiye mwenye gari. Nilisema moyoni, kuna siku utachoka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe uliniambia?"

Miaka mitatu nyumba moja, jiko moja, kila mmoja anamwogopa mwenzake kwa ajili ya mtu wa tatu ambaye yuko kazini!

Tulimpitia mwanangu shule. Saa tisa na dakika tano, tukiwa barabara kuu, simu ya Mama ikaita. Akaweka sauti kubwa.

"Mama, mpo wapi? Geti liko wazi! Kuna nini?"

"Tumeondoka, baba."

Mimi nikakaza usukani, nikasubiri aulizie mtoto, au hata mama yake na miguu yake.

"Sasa... chakula nani ataniwekea?"

Mama akaizima simu kabisa, akageuza uso dirishani, akalia mpaka tulipofika kwake. Alikuwa ni mwanae, jamani. Msisahau hilo mnapocheka.

Nawaandikia nikiwa sebuleni kwake, natumia kidole gumba cha kushoto. Kwa dada tutaenda vidole vikipona. Kucha moja daktari amesema haitaota tena.

Somo langu ni hili. Kama kuna mtu ndani ya nyumba unayemhesabu kuwa adui, kabla hujamlaani, angalia kwanza kama na yeye anaruhusiwa kutoka. Kisha muulize. Mimi sikuuliza, na ilinigharimu miaka mitatu.