Fanueli na Shule Mbili za Ujenzi

Asubuhi za kuchuma kahawa, Fanueli alikuwa wa kwanza kufika shambani na wa kwanza kusahau kilichompeleka. Kikapu kilibaki nusu, naye huku amechuchumaa kati ya mibuni anachora nyumba ardhini kwa kijiti: ukuta hapa, mlango pale, dirisha upande wa mawio. Baba yake, mzee Ezron, alikwisha kuzoea kuikwepa michoro hiyo kila alipopita.

Hayo yalikuwa mwaka 1955, kijijini Ruanda, katika nchi ya Mbozi. Fanueli alikuwa amemaliza darasa la nane, na alitaka kitu kimoja tu: kusomea ujenzi. Taabu ilianza alipopata njia mbili kwa wakati mmoja.

Kwanza, Mwalimu Abrahamu alimwita. "Kuna shule ya ufundi upande wa Iringa," alisema. "Wamenipa nafasi moja tu. Unaitaka?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Kisha mjomba wake Watson, aliyefanya kazi Lusaka, alivuka mpaka pale Tunduma akaja kumwamkia dada yake. Akamwambia Fanueli, "Kule kwetu kuna shule wanafundisha kuchora ramani za majengo. Nikuombee?"

"Ndiyo, mjomba."

Mjomba alirudi Lusaka, na haukupita muda mrefu akatuma salamu kwamba Fanueli amekubaliwa. Hapo ndipo kijana alipochanganyikiwa. Akiamka, moyo uko Iringa. Jua likipanda, uko Lusaka. Mama yake, Anastazia, alisema Lusaka ni kwa ndugu, hatalala njaa. Baba alisema Iringa ni nchi yetu, na fundi akihitimu atarudi kujenga kwao. Kila aliyesema alionekana kusema kweli. Fanueli akawaitikia wote, wala hakumwambia Mwalimu lolote. Alijipa moyo kwamba siku moja ataamka akiwa anajua.

Asubuhi moja, akiwa anatandaza mikeka ya kuanikia kahawa, alimwona Mbonile anakuja na furushi begani. Mbonile alikuwa mwenzake wa darasa, aliyemfuata katika mtihani.

"Nimekuja kuaga," alisema Mbonile. "Naenda na kaka yangu kwenye migodi ya shaba, ng'ambo ya mpaka. Lori linatoka Mlowo mchana."

"Migodini? Si ulitaka useremala?"

"Nilitaka. Nilimwomba Mwalimu ile nafasi ya Iringa, akaniambia umekwisha kuichukua." Mbonile alimpa mkono. "Soma vizuri."

Fanueli alisimama na mkeka mikononi mpaka Mbonile alipopotea nyuma ya migomba. Kisha akautupa, akakimbia kwa Mwalimu.

Mwalimu Abrahamu alimsikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulikunjamana. Halafu akauliza, "Nini hasa ambacho hukijui na unataka kukijua?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo. Fanueli alifikiri. "Nyumba naiona kichwani kabla haijajengwa, Mwalimu. Sijui namna ya kumwonyesha mtu mwingine aijenge."

"Iringa utaanza na matofali na mbao, kuchora kutakuja baadaye, kidogo. Lusaka utaanza na kuchora, lakini utakuwa mbali, na Kiingereza chako bado ni kichanga. Siwezi kukuchagulia."

"Lusaka," alisema Fanueli.

"Una hakika?"

"Sina, Mwalimu. Lakini Mbonile anaondoka mchana huu."

Mwalimu aliinuka, akamsukumia baiskeli yake. "Haya, nenda."

Alipofika Mlowo, lori lilikuwa limekwisha kuwashwa. Mbonile alikaa juu ya magunia ya mahindi pamoja na kaka yake.

"Shuka," Fanueli alisema akihema. "Nafasi ya Iringa ni yako. Mimi nilikubali shule mbili."

Mbonile alimtazama. "Tangu lini?"

"Tangu wakati wa palizi."

"Ukaniona nimefunga furushi, ukanyamaza."

Kaka yake Mbonile akalirusha furushi chini. "Shuka, mdogo wangu. Shule haipatikani kila siku."

Walirudi wakiikokota baiskeli, furushi likiwa nyuma kwenye keria. Mbonile alitembea kando, macho njiani, mpaka walipovuka kijito. Hapo akauliza, "Huko Lusaka wanafundisha kwa Kiingereza tupu?"

"Nasikia hivyo."

"Utapata tabu," alisema Mbonile, akashika upande mmoja wa usukani ili wasaidiane kupanda mlima.

Mwalimu aliwakuta nyumbani kwa mzee Ezron. Baba hakufurahia Lusaka, lakini aliikubali. Mwalimu akamgeukia Fanueli mbele ya wote.

"Sikukasirika kwa kuwa ulishindwa kuchagua," alisema. "Penye njia mbili nzuri hata mimi ningebabaika. Nilikasirika kwa kuwa ulificha. Ukiwa hujui, sema hujui; tutakusubiri, tutakushauri. Lakini ukishika vitu viwili na unahitaji kimoja, ujue kuna mtu amesimama nje mikono mitupu. Leo umemwona mtu huyo. Usimsahau ukifika huko uendako."

Anastazia akaleta viazi, akawaandalia vijana wote wawili katika sahani moja.