Ashamed Kwenye Daftari la Winfrida

"Huyu dada ni nani kwako?" Meshack aliuliza kwa Kiingereza.

Winfrida alikuwa bado amepiga magoti kwenye mchanga wa ufukwe wa Kibirizi, mbele ya vichanja vyake vya kuanikia dagaa. Alikuwa amewasalimu kama alivyolelewa kwao Kidahwe: magoti chini, makofi ya polepole, "Mwakeye" kwa kila mmoja. Meshack, aliyehamia juzi tu kutoka Dar kufanya kazi ofisi moja na Elikana, alikuwa amezuia kicheko kwa kiganja.

Elikana alitazama kitenge cha Winfrida kilichogandwa na magamba ya samaki. Uso ukamwaka.

"Ananiuzia dagaa," alijibu, naye kwa Kiingereza. "Basi, hakuna zaidi."

Winfrida akanyanyuka, akajikung'uta mchanga. Jumamosi hiyo mshenga, mzee Gervasi, alikuwa apeleke kwao barua ya posa ya Elikana.

Saa saba mchana ujumbe ukaingia kwenye simu ya Elikana.

"Mwalimu, nina swali la Kiingereza."

Mwaka mzima, kila Jumapili, yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha, maneno mawili mawili kwenye daftari la bluu, kila neno na sentensi yake.

"Shy na ashamed. Ulisema shy ni haya, mtu anainamisha macho mbele ya wageni, wala hajakosa kitu. Ashamed ni aibu. Unajua umekosea, au kuna mtu hutaki uonekane naye. Leo asubuhi ulikuwa lipi?"

Elikana alipiga simu, ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, Winfrida akapokea.

"Winfrida, nisamehe. Nilikuwa shy tu, si unajua, mgeni..."

"Usinidanganye kwa somo lako mwenyewe. Mwenye shy angenyamaza. Wewe ulifungua mdomo."

"Mpenzi..."

"Mama ameshaazima viti kwa majirani, Elikana. Nimwambie avirudishe?"

Winfrida akakata simu.

Saa kumi Elikana alimshika Meshack mkono, wakarudi Kibirizi.

"Tunafuata nini tena huku?"

"Nimeacha uongo wangu pale mchangani."

Winfrida na akina mama wenzake walikuwa wakizoa dagaa zilizokauka. Mbele yao wote Elikana akapiga magoti, na suruali yake ya ofisini, akapiga makofi ya polepole.

"Meshack, asubuhi nilikudanganya. Huyu ni Winfrida, mchumba wangu."

"Eee! Leo msomi kala mchanga!" mama mmoja alipiga kelele, wenzake wakaangua kicheko.

Meshack akakuna kichwa. "Shemeji, mimi nilicheka salamu yako. Nisamehe na mimi."

Winfrida hakucheka. Alitoa lile daftari kwenye kikapu.

"Chagua neno. Weka na sentensi."

Elikana aliandika ashamed, na chini yake sentensi mbili. Winfrida akazisoma, akiwatafsiria wenzake kwa sauti:

"Asubuhi niliona aibu kuwa na Winfrida. Sasa najionea aibu mwenyewe."

Vicheko vikakatika. Elikana hakuinua macho.

Winfrida akachukua kalamu, akaweka alama ya vema.

"Umepata. Ila moyo bado unaniuma, usidhani yamekwisha."

"Na Jumamosi?"

Alikunja daftari, akainamia dagaa zake.

"Mwambie mzee Gervasi avae koti. Kidahwe asubuhi kuna baridi."