Neno "Duka" Ukutani

Kila alasiri, baada ya masomo, Chapuchapu alikwenda kuosha brashi katika karakana ya shangazi yake, mchora mabango. Jina hilo la utani alipewa darasani, maana kila kazi aliimaliza mbiombio, na mara nyingi ndivyo sivyo.

Wiki hiyo mwalimu alimpa kila mwanafunzi neno moja, akatafute asili yake kwa kuuliza watu. Chapuchapu alipata "duka". Alimuuliza mtu mmoja tu, muuza vitambaa, akaambiwa kwa Kihindi ni "dukan". Hapo uvivu ukamshika. Akaandika kwamba kwa Kituruki maana ya neno hilo ni sanduku la dhahabu. Alitunga tu, bila haya wala soni. Mwalimu aliipenda kazi hiyo, akaagiza shangazi aichore kwenye ukuta wa maktaba ya shule.

Shangazi naye alikuwa na utaratibu wake. Kabla hajachovya brashi, mteja husoma kila mstari kwa kidole na kusema, "Ndivyo." Rangi ya mafuta hukaa miaka.

"Haya mwanangu, leo mteja ni wewe," alisema.

"Kihindi, dukan. Ndivyo." Kidole kikashuka, kikasita. Akisema kweli, ukuta ataukosa. Akinyamaza, watoto wataujifunza uongo wake, na chini yake kutakuwa na jina la shangazi, mchoraji.

"Huu wa Kituruki nimeubuni, shangazi," alisema, machozi yakimlengalenga.

Shangazi alifunika kopo la rangi. "Kesho wewe mwenyewe utamwambia mwalimu. Mimi nitakusindikiza."

Mwalimu alisikitika. Ukuta akampa mwanafunzi mwingine, na Chapuchapu akaambiwa aanze upya. Safari hii hakuwa na haraka. Mkutubi alimfungulia kamusi nene: kwa Kituruki ni "dükkân", nalo pia ni duka. Kiarabu husema "dukkan", na zamani lilikuwa pia benchi la kupangia bidhaa.

Ijumaa aliwasomea watoto wa darasa la pili kazi yake mpya.

"Umejuaje, dada?" mmoja akauliza.

"Kihindi nimeambiwa na muuza vitambaa. Mengine nimeyasoma kwenye kamusi pamoja na mkutubi. Nendeni mkawaulize."

Mwalimu alimshika Chapuchapu bega. "Umesikia alivyouliza? Jibu lolote utakalompa, ataliamini. Ndiyo maana hatutungi."